Kupunguza Uzito Kusitupokonye Nguvu

Mtu arejeapo nyumbani Matulo baada ya kukaa mjini miezi kadhaa, neno la kwanza analoambiwa baada ya salamu aghalabu huhusu mwili wake. Akiwa amejaza mashavu, ataambiwa kwa bashasha kwamba amenenepa, na maana yake ni kuwa mambo yamemnyokea huko aliko. Akiwa amepungua, wazee watamtazama kimya kwa muda kisha waulize: "Mbona umekonda hivyo? Kuna nini?" Swali hilo si la utani hata kidogo. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka kwamba ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, ukimwi ulipewa jina la Slim, yaani wembamba, na hofu ya jina hilo ilivuka Malaba na Busia pamoja na abiria. Kukonda kukawa ushahidi, na unene ukawa cheti cha afya.

Leo wahudumu wa kliniki wanatugeuzia kibao. Mwalimu wa miaka 47 anakwenda kupimwa shinikizo la damu, naye muuguzi anamwambia apunguze uzito. Anarudi nyumbani na agizo ambalo jamii yake haina namna ya kulipokea, kwa sababu akilitimiza ataulizwa anaugua nini.

Mimi ni mwanaisimu wala si tabibu, na msomaji ana haki ya kuuliza nimeingiaje katika uwanja huu. Nimeingia kupitia mlango wa maneno. Kitenzi kukonda hutuambia kwamba mwili umepungua, lakini hakituambii ni nini kilichopungua. Hali kadhalika tusemapo "kupunguza uzito", neno uzito halibagui baina ya mafuta, maji, mifupa na misuli. Mizani nayo ni kama neno hilo: hutoa jumla, ikanyamaza kuhusu hesabu iliyoizaa. Watu wengi wanaojitahidi kupungua katika sehemu zetu wanaipigania jumla hiyo bila kujua kwamba wanapoteza kitu ambacho watakihitaji mno wafikapo uzeeni. Maoni yangu ni kwamba mtu anayepunguza chakula ili apungue mwili hana budi kufanya mambo mawili pamoja: kuutembeza mwili kila siku, na kuutia nguvu kwa mizigo angalau mara mbili kwa wiki. La kwanza limeanza kueleweka. La pili bado linadharauliwa, na dharau hiyo ina historia ambayo sisi walimu tumeshiriki kuiandika.

Kwanza tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Kabla ya hapo, tafiti za demografia na afya zilikuwa zimeonyesha wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi wakipanda kutoka asilimia 25 mwaka 2008 na 2009 hadi asilimia 33 mwaka 2014. Hayo ni mabadiliko ya miaka mitano tu.

Sababu moja tunaiona barabarani. Nchi hii ya Bungoma na Busia ndiyo iliyoifunza Kenya bodaboda, na bodaboda ya asili ilikuwa baiskeli. Kijana alimbeba abiria kwenye kiti cha sponji nyuma yake, akapanda naye mlima, na palipokuwa na mwinuko mkali abiria alishuka, wakaisukuma pamoja. Serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo mnamo mwaka 2008, baiskeli zilianza kupotea, na mapaja ya vijana wetu yakapotea pamoja nazo. Leo anayebeba ameketi na anayebebwa ameketi. Nimewaona walimu wakipanda pikipiki kutoka sokoni hadi lango la shule, mwendo ambao mtoto wa darasa la pili huutembea akila muwa. Wakifika wataketi wasahihishe madaftari, na saa nne watakunywa chai ya maziwa yenye sukari kwa mandazi mawili au chapati. Sisemi haya kwa kejeli. Sisi wa vyuo vikuu tunaketi zaidi, na mandazi yetu ni makubwa zaidi.

Basi mtu huyu aliyeambiwa apungue hufanyaje? Aghalabu huanza kwa kujinyima. Huacha chakula cha jioni, hunywa maji ya ndimu na tangawizi, au hununua majani ya chai ambayo kazi yake hasa ni kuharisha. Wenye fedha mijini wamekwisha kusikia habari za sindano zinazokata hamu ya chakula. Kilo zinashuka. Jirani zake wanauliza kama anaugua, naye hujipa moyo kwamba mizani inakwenda chini.

Lakini mwili unaonyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Kadirio linalokubaliwa na wataalamu wa lishe ni kwamba mtu anapopungua kwa kula kidogo tu, karibu robo ya kilo anazopoteza si mafuta bali ni sehemu nyingine za mwili, misuli ikiwemo. Aliyepungua kilo 12 kwa njia hiyo huenda ameaga kilo 3 ambazo hakukusudia kuziaga. Nazo sindano hazibadilishi kanuni hii: anayezitumia bila kujenga misuli hupungua kwa mkumbo uleule. Na kwa kuwa kila mtu aliyepita miaka 30 hupoteza misuli kidogo kidogo, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka 10, na kwa kasi zaidi baada ya miaka 60, mwenye kujinyima pasipo mazoezi huharakisha safari ambayo tayari ilikuwa imeanza. Balaa huongezeka uzito unaporudi, na mara nyingi hurudi. Yanayorudi kwa wingi ni mafuta, wala si misuli iliyokwenda. Mtu huyo anaweza kufikia kilo zake za zamani akiwa mnyonge kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza.

Ushahidi ulio wazi kabisa niujuao ulichapishwa mwaka 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti nchini Marekani waliwachukua wazee 160 wa miaka 65 na zaidi, wote wakiwa na unene wa kupindukia, wakawagawa katika makundi. Kundi moja liliachwa liendelee na maisha yake. Matatu yaliwekwa kwenye mpango wa kupunguza chakula kwa miezi sita: moja likifanya mazoezi ya mwendo kama kutembea na kuendesha baiskeli, la pili likiinua vyuma, la tatu likichanganya yote mawili. Makundi hayo matatu yalipungua uzito kwa kiasi kilekile, karibu asilimia 9. Mizani ingetangaza sare. Lakini walipopimwa kwa undani, waliokuwa wakifanya mazoezi ya mwendo pekee walikuwa wamepoteza asilimia 5 ya sehemu ya mwili isiyo mafuta, waliochanganya asilimia 3, na walioinua vyuma asilimia 2. Na walipopewa majaribio ya kazi za kawaida, kama vile kuinuka kitini, kupanda ngazi na kuokota kitu sakafuni, alama za waliochanganya zilipanda kwa asilimia 21, ilhali za makundi mengine mawili yaliyofanya mazoezi zilipanda kwa asilimia 14 kila moja. Kwa hiyo aliyeinua vyuma tu alihifadhi misuli mingi kidogo kuliko wote, ila aliyechanganya ndiye aliyeweza kuishi vizuri zaidi na mwili wake mpya.

Hapa yafaa niwazuie wanaotia chumvi. Wapo wauzaji wa vyumba vya mazoezi wanaodai kwamba misuli ni tanuri linalochoma mafuta usiku na mchana. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kalori 13 hivi kwa siku, na kilo ya mafuta karibu 4 na nusu. Tofauti ipo, lakini hailipii hata kipande cha mandazi. Mazoezi ya nguvu hayamkondeshi mtu. Kazi yake ni kulinda kisichopaswa kukonda.

Wala mwendo peke yake haumkondeshi mtu kama tulivyozoea kudhani. Jirani zetu Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wanaowinda, kurina asali na kuchimba mizizi, walipimwa na timu ya mtafiti Herman Pontzer katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012. Kwa siku moja wanatembea zaidi ya wengi wetu. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili, jumla ya nishati waliyoitumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi afisini. Mwili hupanga bajeti. Ukiutumia sana hapa, hubana pale. Kwa hiyo anayetaka kupungua sharti aanzie kwenye sahani, hasa sukari ya chai, vyakula vya kukaangwa na kimo cha mlima wa ugali. Mwendo utamsaidia asirudie unene wake, utamlinda moyo na kumshushia sukari mwilini.

Tusije kuudharau mwendo kwa sababu hiyo. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja, kwa saa zilezile, wakivuta hewa ileile. Dereva aliketi, na kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, maradhi hayo hayakuwa makali kama ya wenzao. Hakuna aliyekuwa amewaambia makondakta wale kwamba wanafanya mazoezi. Walikuwa kazini tu.

Nimekwisha kumsikia msomaji wa kwetu akinipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: mama zetu hawahitaji kuinua chochote zaidi. Wanabeba maji, kuni na magunia tangu utotoni, wanalima kwa jembe kutoka alfajiri, na bado wapo miongoni mwao walionenepa na wanaolia mgongo na magoti. Ikiwa mzigo ni dawa, mbona haujawaponya?

Jibu moja lilipatikana nchini mwetu. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy, Mkenya, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nishati yoyote kuliko walivyotumia kutembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 anaweza kuweka kilo 12 kichwani na mwili wake usihesabu. Ulimwengu ulistaajabu, na ilistahili ustaajabu. Lakini ona maana yake kwa hoja yetu: ustadi wa miaka mingi umeufanya mzigo huo usiwe mzigo. Mwili uliokwisha kuzoea haujengwi tena na kile ulichokizoea.

Ndipo lugha inaponijia tena. Neno zoezi limetokana na kitenzi zoea kupitia zoeza. Kufanya mazoezi, kwa asili ya neno, ni kuuzoeza mwili jambo ambalo haujalizoea. Pindi ukishazoea, zoezi limekwisha na kilichobaki ni kazi. Daktari Thomas DeLorme wa jeshi la Marekani, aliyekuwa akiwatibu askari walioumia magoti, aliliandika jambo hili kitabibu mwaka 1945: mzigo uwe mzito kiasi cha kumtaabisha mgonjwa, na uongezwe kadiri anavyopata nguvu. Mtungi wa maji wa mama zetu hauongezeki. Ni uleule wa lita 20 tangu akiwa msichana, njia ni ileile, na shingo ni ileile. Aidha kazi ya shamba huutumia mwili upande mmoja: mgongo umeinama saa sita, mkono wa kulia mbele, na mapumziko yanaamuliwa na mvua wala si na misuli. Hiyo ni kazi, na ni kazi ya heshima, lakini haikupangwa kwa manufaa ya mfanyaji.

Hivyo basi simwambii mkulima wa Matulo aongeze mzigo kichwani. Huyo anahitaji kupunguziwa. Ninayemlenga ni mwalimu, karani, mwenye duka, mhubiri, mhadhiri, na mwanafunzi anayejiandaa kuwa mmoja wao. Na hapa nafika kwenye jambo linalonikereketa.

Hebu tujiulize, walimu wenzangu: mtoto wa Kenya hukutana wapi na kazi ya nguvu akiwa shuleni? Hukutana nayo katika adhabu. Aliyechelewa hukata nyasi. Aliyepiga kelele huchimba shimo la takataka au kung'oa kisiki. Aliyekosa kufanya kazi ya ziada huzunguka uwanja mbio mara tano, au huruka kichura mbele ya wenzake wakimcheka. Viboko vilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, jembe na fyekeo vilichukua nafasi ya kiboko kwa urahisi mkubwa, maana havikuhitaji kufichwa mkaguzi alipokuja. Mwanafunzi mwema, yule anayepata alama za juu, huketi. Kuketi ndiyo tuzo. Baada ya miaka 12 au 16 ya mafunzo hayo anaondoka akiwa amehitimu somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba jasho ni la waliokosea, na kwamba elimu ni njia ya kutoinama tena. Kisha akiwa na miaka 45 tunamwambia achuchumae na kuinuka mara kumi kwa ajili ya afya yake, na tunashangaa anapoona haya.

Nalo somo la mazoezi ya viungo, je? Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 lilikuwamo katika ratiba na halikuwamo katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kila aliyesoma enzi hizo anajua hatima ya somo lisilotahiniwa. Ratiba iliandika mazoezi ya viungo, na ubaoni pakaandikwa hesabu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 umelirudishia hadhi, angaa kwenye karatasi. Ninachohofia ni kwamba litageuka kuwa mpira tu kwa wavulana wachache wenye kipaji huku wengine wakikaa chini ya mti. Mpira ni mzuri. Lakini msichana mzito asiyependa kukimbizwa uwanjani mbele ya watu huenda ndiye mwenye nguvu kuliko wote akipewa kitu cha kuinua, na hakuna aliyewahi kumpa.

Ubaguzi huu wa kijinsia unastahili kutazamwa kidogo. Mwanamke wa kwetu hubeba kilo 20 kichwani bila mtu kusema lolote, lakini akionekana akiinua kilo 10 kwa makusudi ya kujenga misuli ataambiwa anataka kuwa mwanamume. Mwanamume naye akiinua vyuma hudhaniwa anatafuta kazi ya ubaunsa. Hofu ya mwanamke kuota misuli ya kutisha haina msingi: homoni zake hazimruhusu kwa wepesi hivyo, na hata wanaume wanaoitamani misuli hiyo huitolea jasho kwa miaka mingi. Nimewahi kuwachekesha wanafunzi wangu kwa kuwaambia kwamba katika Kiswahili cha pwani msuli na kitambi yote mawili ni majina ya nguo, kwa hiyo kila mtu amevaa mojawapo. Walicheka, ila wawili walivuta shati chini.

Sasa tuje kwenye vitendo, maana hoja isiyoingia uani haifai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu yake za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa ya mwili siku mbili au zaidi. Watu wa Matulo hawana haja ya jimu ya Nairobi ili kulitimiza hilo. Dakika 150 ni kumwacha mwenye pikipiki aende zake, ukatembea dakika 15 asubuhi na 15 jioni kwa siku tano za shule, kwa hatua za mtu aliyechelewa. Anayeishi mbali ashuke kituo kimoja kabla. Mwenye baiskeli aivute kutoka darini aipanguse vumbi.

Kwa nguvu, kifaa bora tulicho nacho ni mtungi wa plastiki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni seti nzima ya vyuma yenye kipimo, tena unaweza kuurekebisha kwa bilauri. Anza kwa mitungi miwili yenye lita 5 kila mmoja. Itembeze uani, mmoja kila mkono, mgongo wima, mpaka vidole vilalamike. Pumzika. Inama kutoka nyongani, mkono mmoja ukishikilia benchi, na uuvute mtungi hadi ubavuni mara nane hadi kumi na mbili, kisha ubadilishe mkono. Keti kitini na uinuke bila kushika popote, mara kumi. Ikiwa rahisi, kumbatia mtungi kifuani. Egemea dawati au ukuta, ushuke kifua na kujisukuma urudi. Panda na kushuka kizingiti kirefu, mguu kwa mguu. Rudia mzunguko huo mara mbili au tatu, na yote hayo hayapiti nusu saa. Fanya siku mbili zisizofuatana, tuseme Jumanne na Ijumaa. Ukiweza kufika mara kumi na mbili bila taabu, ongeza lita moja. Hapo ndipo siri ya DeLorme ilipo, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mzigo ukishakuwa mwepesi wanaufurahia badala ya kuuongeza.

Usizuie pumzi unapoinua, hasa kama una shinikizo la damu. Toa pumzi wakati wa juhudi. Mwenye maradhi ya moyo, mjamzito, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari azungumze kwanza na mhudumu wake wa afya, kwani huenda dawa zikahitaji kupunguzwa anapoanza kula kidogo na kufanya mazoezi. Maumivu ya misuli siku ya pili ni jambo la kawaida. Maumivu ya ghafla kwenye kiungo si ya kawaida.

Misuli haijengwi kwa jasho tupu. Kosa la wanaojinyima ni kwamba hupunguza maharagwe pamoja na ugali, ilhali walipaswa kupunguza ugali na kuongeza maharagwe. Anayepungua huku akijenga nguvu anafaa kupata kiasi cha gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa karibu 15. Tuna kunde na omena sokoni, na kuku anayepita uani. Mgeni anapochinjiwa kuku kwetu, na huchinjiwa, ale nyama na mboga ya mrenda au ya kunde mpaka aridhike, na mlima wa ugali auparue upande mmoja tu. Hilo si tusi kwa mwenyeji.

Watu watauliza kama umri haujapita. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston walichapisha habari za wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliofunzwa kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za mapaja yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Walianza wakiwa na umri wa karibu mara mbili ya mwalimu wangu wa miaka 47.

Kwa kuwa mizani haisemi yote, tunahitaji kipimo kingine, nacho hakigharimu kitu. Chukua kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, na mwenzako aweke saa ya simu sekunde 30. Hesabu mara ngapi unainuka wima kabisa na kuketi tena. Wataalamu wa kuzuia wazee kuanguka huhesabu kwamba mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anayepungukiwa na mara 12, na mwanamume wa umri huo anayepungukiwa na mara 14, yuko chini ya wastani wa rika lake. Miaka 60 ndiyo ambayo mwalimu wa serikali hustaafu. Ningependa kipimo hicho kifanywe katika chumba cha walimu, saa nne, kabla ya birika la chai kufika, na matokeo yaandikwe karibu na ratiba. Wanafunzi wakitaka kuchungulia dirishani, waachwe wachungulie.